Bado ya Bi Hamisa

Isihaka fundi simu alikuwa na ugonjwa wa kusikiliza. Wenzake wa pale stendi ya Handeni wakishatengeneza spika huijaribu kwa muziki, mtaa mzima ukasikia. Yeye alikuwa akiijaribu kwa mazungumzo, na tangu Ramadhani iishe mazungumzo yake yalikuwa ya mtu mmoja tu: mtaalamu fulani wa saikolojia, msema taratibu, aliyekuwa mtandaoni akieleza jinsi binadamu anavyoamua mambo yake ya kila siku na jinsi anavyojidanganya akidhani ametumia akili. Usiamue ukiwa na njaa. Usiamue ukiwa na hasira. Ukishindwa kujishauri, jifanye unamshauri rafiki. Ukitaka kujua kama jambo litaharibika, jifanye limeshaharibika, halafu uliza kwa nini.

Maneno hayo yalimwingia Isihaka mpaka kwenye mifupa, na walioyalipia ni wateja. Mtu anakuja kubadilisha kioo, anaulizwa kwanza kama amekula.

"Mimi nimekuletea simu, fundi, sijakuletea tumbo."

"Unataka kuitupa simu nzima kwa sababu ya kioo, na hujaweka kitu mdomoni tangu asubuhi. Nenda hapo kwa dada Raheli, ule, halafu uje tuongee."

Wengi walikwenda, kwa kuwa mgahawa wa Raheli ulipakana na kibanda chake na wali ulikuwa unanukia. Wakirudi wameshiba, wale waliokuja na ghadhabu ya kununua simu mpya walijikuta wanataka kutengenezewa ileile. Isihaka alistaajabu kila mara kana kwamba ameona kiini macho. Raheli, mama wa Kisambaa mwenye maneno yaliyokaangwa kwa mafuta ya moto, hakustaajabu hata kidogo. Aliongeza mchele kwenye sufuria na ulimi kwenye utani.

"Fundi, siku utakayoamua jambo lako mwenyewe uniambie mapema," alimwambia. "Nitafunga mgahawa nije nitazame."

Isihaka alicheka, lakini lilimchoma. Jambo lake lilikuwapo, tena kubwa, na stendi nzima ilikuwa inalijua. Mama yake, Bi Hamisa, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwanza jicho la kulia, akahamia la kushoto, na sasa yule mama aliyelima kijijini Misima miaka yake yote alikuwa anajua mchana kwa joto tu. Madaktari walishasema ugonjwa wenyewe hauna ukubwa wowote: ni upasuaji mdogo, mtu analala siku moja, anafunguliwa bandeji, anaona. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wakija Korogwe kila baada ya muda, na mwisho wa mwezi ule walikuwa wanakuja tena. Na kila walipokuja, Isihaka alimwambia mama yake ajiandae, na kila mara Bi Hamisa alijibu neno moja.

"Bado, mwanangu."

Sasa hili neno. Sisi Waswahili hatupendi kumrushia hapana mtu tunayempenda. Tunaona kama kumrushia jiwe. Muulize bibi kikongwe ambaye hakuwahi kuolewa kama ana mume, atakwambia bado. Hajadanganya, na hajafunga mlango. Isihaka alijua hayo kama anavyojua jina lake, lakini baada ya kusikiliza yale mazungumzo alianza kulitazama neno lenyewe kama anavyotazama simu iliyofunguliwa: kuna nini humu ndani?

Akaanza kuokota bado za watu. Alimuuliza Raheli kama wali umeiva. "Bado," na harufu ya mchele mbichi ikathibitisha. Alimuuliza kijana wa bodaboda kama ameoa. "Bado," huku anacheka na kujitazama kwenye kioo cha pikipiki. Hiyo ilikuwa bado yenye matumaini. Halafu mteja akaja kuulizia simu yake, na Isihaka akajisikia mwenyewe akisema "bado, ndugu yangu, imenisumbua," ilhali simu ya watu ilikuwa haijatolewa hata kwenye mfuko. Alijishangaa. Hiyo ilikuwa bado ya uongo, na ilikuwa imetoka laini kuliko zote.

Je, ya mama ilikuwa ipi? Alikaa nalo swali hilo siku kadhaa, akalehemu nalo, akala nalo. Mwisho alijipa jibu: ni bado ya woga. Mama anaogopa kisu. Na kama ni woga, dawa yake ilikuwa inajulikana, mtaalamu alishaieleza.

Ijumaa baada ya swala akapanda bodaboda kwenda Misima, amebeba mfuko wa samaki wa kukaanga ili mama asiamue akiwa na njaa. Alipokewa na mdogo wake, Shadya, kitinda mimba wao. Shadya alikuwa ameolewa Makuyuni, upande wa Korogwe, na mfanyabiashara wa mahindi aitwaye Sabiri. Baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Isihaka, kaka mkubwa, ndiye aliyeshika mkono wa Sabiri siku ya nikahi na kumwozesha. Macho ya mama yalipoharibika, Shadya aliomba ruhusa kwa mumewe aje kuuguza. Ruhusa alipewa, kwa maana hakuna mwanamume wa kule atakayemnyima mkewe kwenda kuuguza mzazi; majirani wangemla mzimamzima. Akaja na begi moja, na miaka miwili ikapita.

Shadya alimnawisha kaka yake mikono, akaweka ugali na mlenda, akaongeza wale samaki. Walikula. Isihaka alisubiri mpaka mama yake aliposhukuru Mungu na kujiegemeza ukutani, ndipo akaanza.

"Mama, tuseme ni jirani yako ndiye haoni. Anakuja kwako kukuomba ushauri. Ungemwambiaje?"

"Ningemwambia aende Korogwe leo hiihii."

Isihaka karibu apige makofi. "Basi, mama?"

"Basi nini? Jirani yangu si mimi."

Shadya alicheka chinichini. Isihaka hakukata tamaa; akageukia woga. Akaeleza ganzi, akaeleza kwamba mtu hasikii kitu, akaeleza bandeji. Bi Hamisa alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayesoma Kurani kwa makosa.

"Baba'angu," alisema, "nyinyi wote nimewazaa ndani ya nyumba hii, na wewe ulitanguliza miguu. Leo niogope sindano?"

"Kumbe unasubiri nini?"

"Bado tu."

Njiani kurudi mjini Isihaka alikuwa na hamu kuliko hasira. Nadharia yake ilikuwa imekufa, Mungu airehemu, lakini swali lilikuwa limenona. Mtu haogopi, anajua faida, anajua hata angemshauri nini mwenzake. Na bado hataki. Yule mtaalamu wa mtandaoni hakuwa amesema lolote juu ya mtu wa namna hiyo.

Jumatatu Sabiri alipiga simu, kama alivyokuwa akipiga mara kwa mara.

"Shemeji, mama anaendeleaje? Mwenzangu anarudi lini? Nyumba imepoa huku."

"Mama bado, shemeji. Vuta subira."

"Navuta, shemeji. Ila subira nayo ni kamba, inakatika."

Alipokata simu alimkuta Raheli amesimama mlangoni, ameshika mwiko.

"Na hiyo ni bado ya namna gani?" aliuliza Raheli.

"Ya kweli. Mama haoni, si unajua?"

Raheli alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye sufuria yake. Kwa mwanamke yule kumeza neno lilikuwa jambo geni, na Isihaka angestahili kulishangaa. Hakulishangaa, kwa kuwa wakati huohuo aliingia mzee wa Sindeni mwenye simu iliyokuwa inamtia wazimu: pale kibandani inachaji vizuri, nyumbani inakataa. Mara ya tatu hiyo anairudisha. Isihaka aliifungua tena, akaona haina kosa lolote.

"Mzee wangu," alimwambia, "simu yako nzima. Kuna kitu huko inakokwenda ikitoka hapa. Kesho niletee chaja ya nyumbani."

Alisema hivyo, mzee akaondoka, na maneno yakabaki kibandani. Huko inakokwenda ikitoka hapa. Isihaka aliweka bisibisi chini. Miaka miwili alikuwa amemuuliza mama yake juu ya Korogwe: kisu, kitanda, daktari, nauli. Hakuwahi kumuuliza juu ya safari ya kurudi.

Asubuhi yake hakufungua kibanda. Alifika Misima akamkuta mama yake peke yake, amekaa kwenye mkeka anachagua kunde kwa vidole. Shadya alikuwa amekwenda bombani. Isihaka alimwamkia, akakaa karibu.

"Mama, leo sikuombi uende. Nauliza tu. Tuseme umeshakwenda. Umepona, unaona vizuri, umerudi, umekaa hapahapa ulipokaa. Kesho yake kunakuwaje?"

Vidole vya Bi Hamisa viliacha kuchagua.

"Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Nimejiuliza mwenyewe, mama."

Kuku mmoja alijaribu bahati yake kwenye kunde, na hakuna aliyemfukuza.

"Kesho yake," alisema Bi Hamisa, "Sabiri anakuja kumchukua mkewe."

"Naam. Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo. Mwanamke aliyekwenda kuuguza, mgonjwa akipona anarudi kwa mumewe. Asiporudi, huyo hauguzi tena, huyo amesusa. Na aliyesusa, kwao wanamrudisha. Wanamkanya, wanamwambia ndoa ni kuvumiliana, wanampandisha gari. Na wa kumpandisha gari ni nani, Isihaka? Mimi? Baba yenu kalala. Ni wewe."

Isihaka alimfukuza yule kuku kwenye kunde.

"Mtoto hajaniambia neno," aliendelea mama yake. "Wala sikumuuliza, ukimuuliza atasema mume wangu mzuri, nitakuwa nimemfundisha kusema uongo. Lakini mimi nina masikio. Pikipiki ikikata kona ile pale, anaacha kupumua. Anasubiri mpaka ipite. Siku yule bwana alipokuja kutusalimia, Shadya alivunja kikombe kabla mumewe hajaingia ndani, alipomsikia tu anakohoa nje. Sasa mimi nikaone, halafu nione nini? Nimeshaona dunia miaka mingi, imenitosha. Acha nikae gizani, yeye akae nyumbani."

Msomaji, usidhani Isihaka alikuwa mjinga. Alikuwa anampenda mama yake na mdogo wake kwa moyo wake wote. Lakini alikuwa amejaa uhakika kwamba mama yake hajui kuamua, na kumbe katika wote aliowapa ushauri pale stendi hakuna hata mmoja aliyepima jambo lake kama yule bibi kwenye mkeka. Aliweka macho yake upande mmoja na mwanawe upande wa pili, akaona, akachagua. Kila alipoulizwa alijibu bado ili asimwaibishe mtu. Walioshindwa kuamua walikuwa wengine.

Hasira ilimpanda Isihaka ghafla, akatoa simu mfukoni, akatafuta jina la Sabiri. Kidole kilikuwa kimeshafika. Halafu, bila kupenda, akaisikia ile sauti ya taratibu ya mtandaoni kuhusu hasira na njaa, na hakuwa amekula tangu jana. Akairudisha simu mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuitoa.

"Mama, kuna chakula?"

"Kuna kiporo."

Akala kiporo cha ugali na mlenda baridi, tonge baada ya tonge. Alikuwa anamalizia Shadya alipoingia na ndoo kichwani. Alishangaa kumwona kaka yake siku ya kazi. Akaitua ndoo, akapiga goti kumwamkia.

"Shadya," alisema Isihaka, "unataka kurudi Makuyuni?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliulizwa lini atarudi, aliulizwa mama anaendeleaje, aliulizwa kama amemkumbuka mwenzake. Alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake, akafuta maji yaliyomchuruzikia shingoni.

"Bado, kaka."

"Hiyo bado sasa naijua. Nipe neno lenyewe."

Shadya aliinama. Ilionekana kama anatafuta kitu kilichoanguka sakafuni. Alipolipata neno alilitoa polepole kwanza, kama mtu anayejaribu ngazi asiyoiamini.

"Sitaki," alisema. Halafu kwa sauti iliyowafanya kuku watoke nje: "Sitaki, kaka! Sitaki kurudi kwa yule mtu. Mkinirudisha nitakufa kule."

"Hakuna wa kukurudisha," alisema Isihaka.

Akatoka uani na simu yake. Sabiri alipokea upesi.

"Shemeji! Habari za mama?"

"Mama anakwenda Korogwe kutibiwa macho, mwisho wa mwezi."

"Alhamdulillahi! Basi nitapita hapohapo hospitali nimchukue mwenzangu, tusiwasumbue tena."

Neno lilimjia Isihaka ulimini lenyewe, laini, tamu, limeshazoea njia. Bado, shemeji, acha kwanza mama apate nguvu. Lingempa mwezi mmoja, pengine miwili. Lingewapa wote amani mpaka siku ya kuulizwa tena. Alilihisi likigonga meno kutaka kutoka.

"Hapana," alisema.

"Unasemaje?"

"Shadya harudi. Hajasusa, na kuanzia leo hauguzi. Yuko kwao. Kama una neno, tafuta wazee wako na sheikh, tukutane, tuongee mbele yao. Huko hospitali usije."

Sabiri alisema mengi. Alianza kwa kubembeleza, akaenda kwenye sheria za dini kama alivyozijua yeye, akamalizia kwa matusi, na matusi yale yakamweleza Isihaka kwa muda mfupi yale ambayo subira na ushemeji vilikuwa vimeyafunika. Alimwacha amalize. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anamsikiliza kwa makini, na kila neno lilimtia baridi zaidi.

Aliporudi ndani, Bi Hamisa alikuwa ameshasimama, mkono mmoja begani kwa Shadya.

"Hao madaktari," aliuliza, "umesema wanakuja tarehe ngapi?"

Walikwenda Korogwe watatu kwa gari la asubuhi. Wagonjwa wa macho walikuwa wamejaa veranda nzima, wa Handeni na wa milimani, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Bi Hamisa alianza na jicho la kulia. Alilala wodini usiku mmoja, na asubuhi muuguzi akaja na sinia yake, akamkalisha kitandani, akaanza kufungua bandeji huku anamwambia afumbe kwanza, afumbue taratibu.

Mama alifumbua. Alitazama mkono wake, akaugeuza. Alitazama dirisha, na mwanga ukamtoa machozi, akacheka. Isihaka alisogea mbele.

"Mbona umezeeka hivyo, baba'angu?" alisema Bi Hamisa, na wodi nzima ikaangua kicheko.

"Maisha, mama."

"Yuko wapi mwenzio?"

Shadya alikuwa amesimama nyuma, amejitanda ushungi mpaka mashavuni. Alisogea. Mama alimshika kidevu, akausukuma ushungi nyuma ili amwone vizuri, na kicheko kikamwisha. Kutoka chini ya jicho la kushoto mpaka karibu na sikio kulikuwa na kovu, nene, lililoshonwa vibaya au halikushonwa kabisa.

"Hili ni la lini?"

"La zamani, mama," alisema Shadya upesi. "Nilikuja nalo."

"Sijakuuliza wewe."

Bi Hamisa alikuwa anamtazama Isihaka. Lilikuwa jicho moja tu, jekundu bado kwa dawa, lakini lilikuwa linaona, na halikupepesa. Isihaka alikumbuka siku Shadya alipofika na begi lake, kitambaa kimefungwa shavuni. Alimuuliza kulikoni, akaambiwa ameteleza kisimani. Alisema pole. Tangu hapo, kila alipokwenda Misima, uso ule uliinama mbele yake na birika la maji, naye alinawa mikono, akakaribia chakula.

"Nilikuwa naliona, mama," alisema.